Shukrani kwa mama wa Rangi Tatu

Mama yangu, jina lako sikuliuliza, na kwa hali niliyokuwa nayo hata langu ningelisahau. Ni wewe uliyekuwa unasubiri daladala pale Mbagala Rangi Tatu, Jumamosi jioni, mwanangu wa miaka mitatu alipojikwaa akagonga kidevu kwenye ukingo wa mtaro. Jamani damu ya kidevu! Jeraha lenyewe dogo, ila gauni lote limelowa.

Watu walijaa, na ushauri tele: huyu anasema weka majani ya chai, yule anataja dawa ya meno. Wewe uliwanyamazisha kwa mkono tu, ukavua mtandio wako, ukaukunja na kukandamiza. "Usifunuefunue kuchungulia. Bana hapohapo." Ndani ya bajaji uliendelea kubana huku ukimhesabia vidole vya miguu na kuruka kimoja makusudi, hadi akaacha kulia ili akusahihishe. Mimi nilikuwa natetemeka tu.

Alishonwa nyuzi tatu. Daktari akaulizia chanjo ya pepopunda. Kwa bahati kadi ya kliniki ilionyesha alimaliza zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14. Nyuzi zimeshatolewa, na anarukaruka kama kawaida yake.

Nilipotoka chumba cha kushonea ulishaondoka, na nauli ya bajaji umelipa. Mungu akuzidishie. Mtandio nimeufua, nimeuacha kwa muuza mihogo wa pale kituoni. Anakukumbuka, anasema huwa unapita jioni.