Tumkumbuke pia kwa uwanja aliotutunzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimkumbuke mzee mmoja aliyefariki dunia hivi karibuni, ambaye wengi walimjua kama mchezaji wa kriketi wa klabu na sisi tuliosoma shuleni kwake tulimjua zaidi kama mtunza uwanja. Salamu za rambirambi zilizosomwa mazishini zilitaja mbio alizofunga, yaani pointi zake, na wiketi alizoangusha, yaani wapigaji aliowatoa mchezoni, na zilimtendea haki, kwa maana alikuwa mrushaji mwenye subira ambaye wapigaji hawakupenda kukutana naye. Kazi aliyoifanya siku zote nyingine za wiki ilipewa sentensi moja tu, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Asiyeujua mchezo huu huenda akadhani kwamba kutunza uwanja ni kukata nyasi. Ukanda wa katikati, wenye urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, ndio unaobeba mchezo wote, kwa kuwa mipira mingi hudunda hapo kabla ya kumfikia mpigaji. Marehemu alianza kuuandaa siku kadhaa kabla ya mechi: aliumwagia maji hadi yakazama, akausubiri udongo wa mfinyanzi uanze kukauka, kisha akapitisha rola, yaani gurudumu zito la chuma la kushindilia ardhi, polepole, akienda na kurudi. Rola ikiwahi, udongo mbichi huganda kwenye chuma na kubanduka. Ikichelewa, udongo umeshakuwa mgumu na haushindiliki tena. Saa ya katikati ya hali hizo mbili aliitambua kwa kubonyeza ardhi kwa kidole gumba, na sikuwahi kumwona akiharakishwa na mtu yeyote, awe mwalimu au nahodha. Nyasi za ukanda alizipunguza sana lakini hakuziua, kwani mizizi yake ndiyo inayoushikamanisha udongo.

Uangalifu huo ulikuwa kinga yetu. Mpira wa kriketi wa watu wazima ni mgumu na una uzito wa takriban gramu 160. Tarehe 29 Januari 1998, katika uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, Jamaika, mechi ya kimataifa kati ya West Indies na England ilivunjwa baada ya ova 10 (kila ova ni mipira sita) na mpira mmoja tu, kwa sababu mpira ulidunda bila kutabirika na kuwagonga wapigaji. Ikiwa watu wazima wa kiwango hicho, tena wenye kofia ngumu, walikuwa hatarini, mtoto anayeshika gongo kwa mara ya kwanza anahitaji ardhi ya kuaminika kuliko wao. Sisi tulijifunza kusogeza mguu mbele bila woga kwa kuwa mzee alikuwa ameshaihakikisha ardhi hiyo.

Kuna jambo ambalo kwangu linaeleza tabia yake kuliko takwimu zozote. Ukanda wenye unyevu na nyasi nyingi humsaidia mrushaji, naye alikuwa mrushaji. Hata hivyo, klabu yake ilipokuja kucheza kwenye uwanja wa shule, aliuandaa mkavu na sawasawa kwa ajili ya pande zote mbili, akijua kwamba kesho yake angetoka jasho bure. Mechi ilipokwisha, wenzake wakiwa wanakunywa chai, yeye alibaki na ndoo ya udongo akijaza mashimo yaliyochimbwa na miguu ya warushaji, yakiwemo yake mwenyewe.

Jack Hobbs, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa katika historia ya kriketi, alikuwa mtoto wa mtunza uwanja wa Jesus College, Cambridge. Jina la mtoto limo katika kila kumbukumbu ya mchezo huu, ilhali la baba hulijua wachache.

Kwa hiyo ninalo ombi kwako, Ndugu Mhariri. Gazeti lako linapochapisha matokeo ya mechi za shule na za klabu, huandika majina ya wafungaji na mara nyingine ya waamuzi. Tafadhali liongeze mstari mmoja wenye jina la aliyeuandaa uwanja. Kwa shule yetu ya zamani, ninaomba atakayechukua nafasi ya marehemu apewe siku za kutosha kabla ya kila mechi, na asiamriwe kupitisha rola kwa kufuata ratiba ya ofisi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa zamani