Barua ya Kufunga Muhula: Kazi ya Likizo, Kitabuni na Simuni

Kwa Wazazi na Walezi wa Gredi ya 5 na ya 6,

MINT: KAZI YA LIKIZO

Salaam nyingi. Muhula umekwisha salama na ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Habari za sare na basi ziko kwenye karatasi ya pili.

Wengi wenu mmetuuliza kama simu inatosha, ili msinunue vitabu. Inategemea mtoto anasoma nini. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti 54 zilizolinganisha karatasi na skrini, zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Wa karatasi walielewa zaidi, hasa maandishi ya maelezo na pale muda ulipobana. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Basi hadithi asome popote; sura ya sayansi au ya historia asome kitabuni.

Kama mna PDF tu, ipakueni kwanza kisha mzime data, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kumtoa mtoto kwenye aya. Kuzeni maandishi, lakini mstari mzima uenee kwenye kioo asihangaike kuusogeza kushoto na kulia. Asome ukurasa mmoja, alaze simu kifudifudi, aandike kwa kalamu sentensi tatu za aliyoyasoma. Zikimshinda, arudie ukurasa uleule. Kinachoharibu zaidi ni kidole: mtoto huteleza chini akiwinda jibu la swali, akilipata anadhani amesoma. Kurasa za mazoezi ni heri mkazichapishe saiba.

Lakini kuchapwa si ushahidi wa ukweli. Kitabu cha kabla ya Katiba ya 2010 bado kitamfundisha mtoto kwamba Kenya ina mikoa 8, wala hakitataja kaunti 47. Atlasi ya kabla ya 2011 itamwonyesha Sudan moja. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwanzo utafute jina la mchapishaji, mwaka wa toleo na ISBN, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu, kisha uhakikishe kuwa kitabu hicho kimo kwenye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya. Nakala bandia mara nyingi hujitoboa yenyewe: wino umefifia, picha zina ukungu, kurasa zimerukwa. Bei yake ni ya kuvutia, tunajua.

Notisi za masomo zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi hazina jina la mwandishi wala mwaka, ndiyo maana tumetoa zoezi hili. Kila mtoto amepewa aya fupi kuhusu Fort Jesus. Inasema ngome ilijengwa mwaka 1498. Kosa hilo tumelitia makusudi, na tunawaomba msiwafichulie! Mwaka 1498 ndio Vasco da Gama, baharia Mreno, alipofika Mombasa. Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593. Mtoto asibaki kwenye aya ile akiitazama kama inapendeza. Aiache, atafute penginepo mara mbili: ukurasa wa UNESCO, iliyoitia ngome kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na ule wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, au kitabu cha historia. Akikuta tovuti mbili zina sentensi zilezile neno kwa neno, azihesabu kuwa moja, kwani huenda moja imenakili nyingine au zote zimenakili kutoka mahali pamoja.

Mwishoni aandike alikopata jibu, nani aliyeandika na tarehe aliyousoma ukurasa. Tarehe ni lazima kwa sababu ukurasa wa intaneti unaweza kubadilishwa kesho bila mtu kuambiwa. Kitabu hubaki na kosa lake hadi toleo jipya.

Asiye na intaneti atumie maktaba ya umma. Karatasi ya zoezi, ikiwa na sahihi ya mzazi, ipokelewe na mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu
Mombasa