Baipodi yenu haishiki: nataka fedha zangu

Kwa Meneja wa Duka,
Kampala

Salamu kwa heshima. Nakala ya risiti ya shilingi 680,000 nimeiambatisha. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua kuliko mimi, na nilifika kaunta siku ya nne.

Mguu wa kushoto wa baipodi mliyoniuzia, ile stendi ya miguu miwili ya kuegemezea bunduki, haushiki. Mpiga risasi analala nyuma ya bunduki, miguu yote miwili imefungwa kwenye pengo lile lile la kurekebishia urefu, kifuko cha mchanga kiko chini ya kitako, kisha bega linasukuma mbele kidogo, kiasi cha kuondoa ulegevu wa miguu tu. Hapo hapo springi inaachia. Mguu unaingia ndani mapengo mawili, yaani sentimita 2. Miguu ikiwa imetanuka sentimita 23, bunduki imeinama nyuzi 5. Kwa risasi ya .308 kwenye mita 600, nyuzi 5 zinaipeleka pembeni zaidi ya sentimita 20, upande ule ule ilikoinamia bunduki, na chini kidogo. Upumue vizuri namna gani, ubonyeze kifyatulio kwa upole namna gani, shabaha imekwishapotea.

Nilipoyaeleza haya, mfanyakazi wenu hakuifunga baipodi kwenye reli, ule ukanda wenye mifereji wa kufungia vifaa vya bunduki. Aliishika hewani, akaitikisa mara mbili, akasema kwa sauti mbele ya wateja: "Mzee, kibovu ni bega lako." Wakacheka. Akaisukuma juu ya kioo cha kaunta ikanirudia.

Na mguu si kasoro pekee. Mfereji wa reli ya aina ya Picatinny una upana wa milimita 5.2 hivi. Jino la kibanio chenu nimelipima kwa kalipa, kipimo cha unene na upana: milimita 4.1. Linacheza ndani ya mfereji hata skrubu ikiwa imekazwa. Kibanio kikisogea kati ya risasi na risasi, bunduki hairudi pale ilipokuwa, na matundu yanatawanyika juu na chini kwenye karatasi. Siku moja kabla ya kuja dukani niliwapigia simu kuhusu jino hili, nikaambiwa nikaze zaidi kwa koleo. Kwa koleo! Skrubu ile imeingia kwenye alumini. Ukiikaza kwa koleo unakula hesi zake, na dhamana yenu wenyewe haigusi hesi zilizolika. Mwingine akanishauri nifunge chuma mbele ili bunduki itulie. Anayeshindana daraja la F-TR, la kulenga shabaha za mbali kwa bunduki yenye baipodi, ana kikomo cha kilo 8.25, bunduki na baipodi pamoja. Hicho chuma akiweke wapi?

Narudia ya kaunta, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Reli ya majaribio ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye meza, hatua mbili kutoka aliposimama. Kuifunga baipodi, kusukuma kwa kiganja, kuuona mguu ukiingia: hata dakika moja haifiki. Hakugusa reli. Aliitikisa hewani, ambako mguu haubebi uzito wowote na hauwezi kuonyesha kasoro, kisha akanihukumu bega mbele ya watu. "Kibovu ni bega lako." Sikuombwa radhi siku ile, wala mpaka leo.

Ombi langu la kwanza lilikuwa dogo: mnibadilishie. Sasa siitaki nyingine. Nataka shilingi 680,000 zote, radhi kwa maandishi, na baipodi zote za aina hii zilizobaki kwenye rafu zijaribiwe kwenye reli kabla hamjamuuzia mtu mwingine. Nawapa siku 14, si zaidi. Siku ya kumi na tano napeleka madai madogo kwa hakimu, ambako madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanapokelewa, nikiwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 mkononi, kalipa, na baipodi yenyewe. Hakimu ataisukuma kwa kiganja chake.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatishwa