Hiyo Aprili Uifikirie Tena

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mpenzi wangu wa kitanda cha chini,

Kamwene! Najua umeshaanza kuigiza sauti ya bibi yangu kama ulivyokuwa ukifanya bwenini Iringa. Haya basi, ugonile, salamu ya kwenu. Mwaka wa pili huu nimeolewa huku kwenu, hilo nimeshajifunza, na ndizi za mbalaga nakula asubuhi kama mwenyeji.

Ujumbe wako wa sauti kwamba unaolewa nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu jikoni hadi mume wangu akaja mbio akidhani nimeungua. Mara ya pili nikalia kidogo. Mara ya tatu ndipo nikasikia vizuri ile sehemu ya tarehe, nikaweka mwiko chini. Nikaona nikuandikie, maana nikikupigia tutacheka tu mpaka salio liishe.

Unasema sendofu ya kukuaga iwe Tukuyu, Jumamosi ya tatu ya Aprili, uwanjani kwa baba, chini ya mahema meupe, na zulia jeupe kutoka getini hadi jukwaani. Ndugu yangu, Dodoma imekukausha hadi kumbukumbu. Umesahau Aprili ya kwenu? Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka; Dodoma kwa kawaida haifikishi 700. Aprili ndiyo kilele chenyewe. Ule udongo mwekundu wa kwenu ukilowa unashika kiatu na hauachii, na zulia jeupe litadumu hadi atakapopita mjomba wa kwanza. Mahema ninayoyajua mimi yanafanya tumbo la maji katikati, kijana anakuja na mti kuyasukuma kutoka chini, na maji yote yanamwangukia aliyekaa pembeni. Mara nyingi huwa ni shangazi, na amevaa kitenge kipya.

Lakini usikimbilie Julai kama nilivyofanya mimi. Kila mtu aliniambia kiangazi ni salama, na kweli halikudondoka tone. Hakuna aliyenikumbusha baridi. Huku mjini usiku wa Julai nyuzi zinashuka chini ya kumi, na mimi nilikuwa na shela la mabega wazi nililolipenda kwenye simu. Ukumbi bati, sakafu marumaru, milango wazi kwa ajili ya watu wa kamera. Kwenye picha za kukata keki utaona natabasamu, ila meno nimeyauma kwa nguvu yasigongane. Mama mkwe ndiye aliyeliona. Akaja taratibu, akanifunika shuka lake la kimasai, lile jekundu la mistari, juu ya shela la laki nne la kukodi. Mpiga picha akamwomba alitoe. Akamwambia, "Mwanangu, wewe umevaa koti." Hiyo ndiyo picha yangu ninayoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo mimi nasema Septemba. Baridi imeshalegea, mvua bado, barabara ya Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi na watu wa upande wa bwana harusi watakuja na kurudi bila kusukuma gari. Tena kufikia Septemba mchele wa Kyela umeshavunwa na kukauka. Ukinunua mapema baada ya mavuno, ukauhifadhi kwa mama, hutagombana na bei ya mwisho wa mwaka. Utakachokosa ni maua. Najua una ndoto ya picha Kitulo, na pale maua yanachanua kwenye masika, Desemba kwenda Aprili. Septemba utakuta nyasi kavu. Tena ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huchumi ua hata moja, na ukiwa juu mita 2,600 shela linapeperuka kama bendera. Piga picha kwenye mashamba ya chai pale kwenu. Chai ni kijani mwaka mzima, na ukiomba ruhusa kwa wenyewe siku moja kabla hakuna atakayekufukuza. Ziwa Ngozi usithubutu. Nimepanda kile kilima na raba, nikashuka kwa makalio.

Sasa nikuambie habari yenyewe iliyonifanya nichukue kalamu. Umesema kamati imeshakaa vikao viwili na ahadi zimefika milioni kumi na moja, kwa hiyo umeanza kuulizia ukumbi mkubwa, keki ya ngazi sita na droni. Mwenzangu, ahadi ni maneno yaliyoandikwa kwenye daftari. Sisi tulifika milioni kumi na nne. Mwenyekiti alisoma jumla kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Wiki moja kabla ya harusi mhazini alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akafungua daftari. Iliyoingia: milioni nane na laki tatu. Walioahidi si wabaya. Mmoja alifiwa, mwingine ana watoto wawili sekondari, mwingine mazao yake yalikuwa hayajauzwa. Na wengine, tuseme ukweli, waliahidi kwa sababu walikuwa wanatazamwa.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshalipia mapambo nusu kwa kutegemea ile kumi na nne. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikahesabu kwa vidole. Tulichofanya ni hiki: keki ikatoka ngazi tano hadi mbili, magari ya msafara kutoka sita hadi matatu, viti vya kuvishwa vitambaa vikavuliwa vitambaa. Chakula sikugusa hata senti. Mapambo yakipungua ni wewe na mpambaji tu mtakaojua. Pilau ikiishia meza ya kumi na tano, hadi sokoni Mwanjelwa watajua.

Kwa hiyo mwambie mhazini wenu awe na kurasa mbili, ya ahadi na ya taslimu, na wewe bajeti yako iishi kwenye ukurasa wa taslimu peke yake. Fedha ya ziada ikija, utaongeza. Kuongeza hakuna aibu. Na namba ya kupokelea michango iwe moja, ya mhazini, isiwe ya kaka yako anayependwa na watu. Kaka zetu tunawajua.

Kadi nazo zipigie hesabu mapema. Kwetu mchango wa mtu mmoja ulikuwa elfu hamsini, wa wawili laki. Sawa, lakini kuna watu hawawezi hiyo na huwezi kuolewa bila wao. Bibi aliyekuwa akitugawia karanga tulipokuwa tunatoka shule, huyo anachanga nini? Mimi nilitenga kadi ishirini za mkononi mwangu, kamati haikuzigusa, na kulikuwa na ugomvi. Tenga zako. Ukiziacha kwa kamati zitaishia kwa wafanyakazi wenzao na mashemeji zao ambao hata jina lako la pili hawalijui.

Chakula, kwa vile umeniuliza: kilo moja ya mchele tulihesabia watu wanane, na ilitosha. Usidanganyike na wageni wanaosema wanakula kidogo. Ndizi ziwepo, sendofu ya Tukuyu bila ndizi ni msiba. Na mpishi awe wa huku huku! Mjomba wa mume wangu kwa upendo wake alituletea mpishi kutoka Dar, mtu hodari kweli, pilau lake sijala tena mfano wake. Ila maharage aliyabandika kwa saa za Dar, na saa nane mchana yalikuwa yanalia kwenye sahani kama kokoto. Bwana harusi wangu, mwalimu wa fizikia yule, badala ya kuona aibu akaniinamia pale meza kuu akaanza kunieleza kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, na maharage hayana habari kwamba ni harusi. Nikamwambia, "Leo pumzika." Wapishi wa Uyole wanabandika usiku wa manane na hakuna aliyewafundisha fizikia.

Shela. Sitaki kukutisha lakini nitakueleza. Langu nilikodi Dar, likapakiwa kwenye basi Alhamisi asubuhi, lifike usiku. Lori likafia kwenye kona za mlima Kitonga, foleni ikafunga juu na chini. Basi lililala kule. Mimi niko Uyole na rola kichwani, kondakta simu yake haipatikani, dada yangu ameshaanza kupima gauni lake la ubarikio wa mtoto wake kama litanitosha. Sanduku lilifika Ijumaa saa mbili usiku na zipu imechanika kidogo ubavuni. Fundi mmoja wa Mwanjelwa aliishona kwa mkono, kwa mwanga wa simu, kwa sababu umeme nao ulikatika, akakataa malipo akasema nimpe soda. Kwa hiyo, shela liwe mkononi mwako wiki mbili kabla. Ukilipata la kukodi hapa mjini, lichukue hata kama halina mkia mrefu. Mkia mrefu Tukuyu unaufagilia nani? Na muulize mwenye ukumbi kuhusu jenereta, nenda uione ikiwaka kwa macho yako, usikubali kuambiwa "ipo".

Wageni wa Dar watakaokuja kwa ndege waambie wafike siku moja kabla. Ukungu wa uwanja wa Songwe hauna adabu.

Mambo ya karatasi usiyaache mwisho. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga, na zile Jumapili tatu za matangazo kanisani zinaingia humo humo. Kilichotutesa sisi ni cheti cha ubatizo. Mume wangu alibatizwa Sumbawanga akiwa na miezi miwili, na paroko wetu alitaka nakala mpya, isiyozidi miezi sita, kutoka kwenye daftari la kule kule. Alilazimika kupanda basi. Mchumba wako aulize leo.

Kicheni pati nitaisimamia mimi, hilo hatujadiliani. Nitatengeneza orodha, kila mtu anachagua chombo chake na jina linaandikwa pembeni. Mimi nilipewa hotipoti kumi na moja na chupa za chai saba, na sikupewa kisu hata kimoja. Wiki ya kwanza ya ndoa tulikata nyanya kwa kisu cha kuazima kwa jirani. Makungwi nimeshaongea na wawili. Yule mmoja anayesema sana kuhusu "kumvumilia mume" nimemwacha kwa makusudi. Tumechagua anayejua kuweka akiba.

Sare za familia tutafuata vitenge Tunduma, mimi na mama yako. Nipe rangi mapema na idadi kamili, na hesabu ya akina mama wakubwa iwe na mapande ya ziada mawili. Daima anatokea mmoja.

Kuhusu mahari sisemi kitu, hayo ni ya wazee na mshenga wenu. Nimesikia ng'ombe wamekubaliwa na blanketi la bibi limeshanunuliwa. Umwombe baba asiongeze kitu tena kikao cha mwisho. Yeye anajiona anatania, lakini wale wa upande wa pili hawalali.

Jibu langu nalitaka kabla ya Jumamosi, kwa sababu mwenye ukumbi wa Sae, hapa Mbeya, ana Jumamosi mbili tu zilizobaki Septemba na nimemwambia asitoe ya pili hadi nimwone. Hataki maneno, anataka malipo ya awali, na stakabadhi nimeshamwambia lazima iandikwe tarehe, maana mwaka jana ukumbi mmoja huku ulipokea maharusi wawili mchana mmoja, wakakutana mlangoni.

Ukikubali Septemba, nitumie vipimo vyako. Mabega yawe na mikono, tafadhali. Ukikataa mikono, lile shuka la mama mkwe liko kabatini, limefuliwa, na ameshasema litakuja Tukuyu.

Wako wa kitanda cha juu