Maiki ni nzima, kasoro ni programu

Mhariri,

Biashara ya dagaa hapa Mwanza siku hizi humalizwa kwa simu. Bei ya gunia hupangwa sokoni Mwaloni Kirumba mzigo ukiwa bado kisiwani Ukerewe, na ubishi ukizuka kila mmoja anataka kusikia upya walichokubaliana. Ndipo watu wanapakua programu za kurekodi simu, kisha wanakuja kwa fundi wakidai maiki imekufa. Ukicheza rekodi unasikia sauti ya mwenye simu tu, "ehee, sawa, magunia mangapi?", upande wa pili kimya.

Kubadilisha maiki hapo ni kupoteza hela. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, Google imezizuia programu za nje kuchukua sauti ya laini, na Android 10 ikakaza zaidi. Zikapenya kupitia ruhusa ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mei 2022 Play Store ikaupiga marufuku mlango huo nao. Programu inayokuahidi muujiza leo, ifute, hasa kama umeshairuhusu isome namba zako zote.

Tumia programu ya kupigia iliyokuja na simu. Mtu akishapokea, tafuta kitufe cha kurekodi, au gusa vitone vitatu. Si kila simu inacho. Simu nyingi zinazotumia programu ya kupigia ya Google humtangazia wa pili kwamba anarekodiwa. iPhone nazo hutangaza, kuanzia mfumo wa iOS 18.1. Simu ya WhatsApp haimo, kitufe hicho ni cha laini ya kawaida.

Kitufe kisipokuwepo, weka spika ya nje, kisha laza simu ya pili yenye kinasa sauti kama sentimita 15 kutoka kwenye spika hiyo. Vua earphone, na ukae mbali na kelele za wapakiaji. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, nacho tusikidharau: vingi hurekodi pande zote mbili bila hila yoyote, na saa nzima ya faili la AMR, aina ya faili la sauti, haifiki MB 6. Kwa vyovyote, jaribu kwanza kwa dakika moja na mtu wa nyumbani, usikilize.

Mwambie unayeongea naye kuwa unarekodi. Kisha taja kwa mdomo tarehe, idadi ya magunia na bei, maana "ile bei yetu ya juzi" haimsaidii mtu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo usiikate wala kuibadilisha jina. Ya awali ibaki kwenye simu, na nakala itume WhatsApp kama hati, si kama sauti. Angalia pia mipangilio: simu nyingine hufuta rekodi zenyewe baada ya siku kadhaa.

Fundi simu,
Kirumba, Mwanza