Ray Davies si mtu wa kupewa mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu bendi za Uingereza za miaka ya 1960. Beatles na Rolling Stones walijaziwa ukurasa, na hilo halina ubishi. Lakini The Kinks, bendi ya mwimbaji na mtunzi Ray Davies, waliambulia mstari mmoja tu: kwamba walitamba na "You Really Got Me", kisha wakafungiwa Marekani na wakapotea. Hapo napinga kwa nguvu zote.

Kibao hicho cha 1964 ni moto kweli. Dave Davies, mdogo wake Ray, alichukua wembe akaichana spika ya amplifaya yake ili gitaa likwaruze, na Ray akaikataa rekodi ya kwanza hadi wakarudi studio kurekodi upya. Fikirieni: kijana wa miaka 20, bendi yake imeshatoa santuri mbili zikabuma, na bado ana ujasiri wa kuwaambia wakubwa kwamba hii haijaiva.

Ni kweli pia kwamba baada ya ziara ya 1965 chama cha wanamuziki cha Marekani kiliwanyima vibali hadi 1969. Kifedha waliumia, maana soko kubwa lilikuwa kule. Ila tazameni alichoandika Ray katika miaka hiyo. Wenzake wakiimba kwa lafudhi ya Kimarekani, yeye aliwageukia watu wa kwao. Alimwimba bwanyenye aliyekamuliwa na mtoza kodi katika "Sunny Afternoon", ikashika namba moja Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata ikaja "Waterloo Sunset": mtu yuko peke yake dirishani, anawatazama Terry na Julie wakikutana kituoni kila Ijumaa usiku, kisha wakivuka mto. Hawamjui, na yeye hawaonei kijicho, kuwatazama kunamtosha. Sijasikia wimbo mwingine wa pop unaomstahi mpweke namna ile.

Albamu ya "The Kinks Are the Village Green Preservation Society" ilitoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, siku ileile ilipotoka albamu nyeupe ya Beatles. Haikuuza. Leo wahakiki wengi wanaihesabu kuwa kazi bora kabisa ya bendi hiyo.

Na kuongoza bendi ile hakukuwa lelemama. Ray na Dave hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 1965, jukwaani Cardiff, mpiga ngoma Mick Avory alimpiga Dave kichwani kwa stendi ya matoazi hadi akakimbizwa hospitali. Bendi nyingine ingekufa usiku ule. Avory aliendelea kupiga ngoma za Kinks hadi 1984, na bendi yenyewe ikadumu hadi 1996.

Sitetei kila alichofanya Ray. Baadhi ya maigizo yake ya muziki ya miaka ya 1970 yanachosha. Lakini mtunzi aliyeandika nyimbo zile akiwa amefungiwa mlango wa soko kubwa kuliko yote hawezi kuelezwa kwa neno "akapotea".

Mkirudia mada hii, namwomba mwandishi wenu aanzie 1966. Na "Waterloo Sunset" aisikilize kwa spika nzuri, asikie waitikiaji vizuri. Mmoja wao ni Rasa, aliyekuwa mke wa Ray wakati huo.

Msomaji wenu,
Tanga