Taa za ziada kwenye trekta dogo zianzie kwenye altaneta, si kwenye swichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa sisi tunaolima mpunga katika bonde la Usangu limekuwa la kila msimu, nalo ni ufungaji wa taa, pampu, redio na vifaa vingine vya umeme kwenye matrekta madogo, hasa yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, yenye nguvu za farasi kati ya 15 na 30. Matrekta haya yametufaa sana kwa kuwa ni mepesi, hayazami ovyo kwenye majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, na yanageuka mahali padogo. Hata hivyo, umeme wake ulipimwa kiwandani uyatoshe yenyewe na kubakiza kidogo tu, nasi tunayatwisha mizigo bila kuuliza kilichobaki ni kiasi gani.

Asiyekijua kilimo cha umwagiliaji anaweza kushangaa mtu kulima usiku. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu yako ikiangukia saa tano usiku, basi ndipo utakapochavanga, yaani kulivuruga tope la jaruba kwa trekta, kwa sababu ukingoja kupambazuke maji yatakuwa yamekwenda kwa jirani na tope limeanza kushikana. Taa mbili za mbele zilizokuja na trekta humulika njia, wala hazifiki kwenye rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka lililo nyuma, ambako ndiko kazi inakofanyika. Dereva hukesha akigeuza shingo kutazama giza. Kwa hiyo sisemi kwamba taa za ziada ni anasa. Mimi mwenyewe nilifungiwa nne.

Aliyenifungia ni fundi wa jirani ambaye simlaumu peke yake, kwani bei niliyomtajia ilikuwa ya kumlazimisha abane. Taa zilikuwa za halojeni, wati 55 kila moja, mbili mbele na mbili nyuma. Alichukua waya mwembamba, wa aina inayofungiwa spika za redio, akaushika kwenye kichwa cha chanya cha betri, akaupenyeza katika tundu la bati nyuma ya dashibodi, akaweka swichi ya kubofya, kisha akauvuta mpaka kwenye taa. Fyuzi hakuweka. Nilipomuuliza alinijibu kwamba fyuzi zimo tayari kwenye boksi lililo chini ya usukani, nami nikaridhika, kwa haraka niliyokuwa nayo na, niseme kweli, kwa sababu jibu hilo lilipunguza gharama.

Usiku wa nne, tukiwa katikati ya jaruba, taa zilififia zikawa za rangi ya manjano, kisha pakanuka plastiki inayoungua. Nilizima injini nikachomoa ufunguo nikidhani nimeyamaliza, lakini moshi uliendelea kutoka chini ya boneti. Waya uliotoka moja kwa moja kwenye betri haukuwa na habari na ufunguo. Spana namba 10 ilikuwa chini ya kiti. Mpaka nilipofanikiwa kulegeza nati na kung'oa kichwa cha betri, vidole viwili vilikwisha kubabuka. Kulipokucha tukaona chanzo: ukingo wa lile tundu la bati ulikuwa umekwangua ganda la waya, sehemu isiyozidi upana wa ukucha, hata shaba ikagusa bati. Waya ulikuwa umeyeyuka na kugandamana na kifungu cha nyaya za kiwandani, ukaziunguza pamoja na waya wa stata na ule wa taa ya chaji. Trekta lilikaa siku tisa bila kazi, na maji yangu ya zamu ile yalipita.

Nimejifunza baadaye, kwa kukaa na fundi mwingine wa umeme wa magari aliyekuwa na subira, kwamba hesabu inaanzia kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili izalishe umeme na kuchaji betri. Matrekta mengi madogo ya zamani hayana altaneta kubwa kama ya gari bali dainamo ndogo, na kiasi cha ampea 15 si cha ajabu kukikuta. Mapya kidogo hufika ampea 40. Taa nne za wati 55 ni wati 220, na wati 220 ukizigawa kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 18. Trekta lenye dainamo ya ampea 15, ambalo tayari linawasha taa zake za mbele, haliwezi kuzilisha, kwa hiyo upungufu wote hutolewa na betri, na betri inayotoa kuliko inavyopokea huishia kulala. Ndiyo maana taa zangu zilikuwa zimeanza kufifia hata kabla ya waya kuungua. Isitoshe, kiwango kilichoandikwa kwenye dainamo hupatikana injini ikizunguka vizuri. Ikiwa kwenye silensa, yaani ikiunguruma polepole bila kuongezwa mafuta, umeme unaotoka ni kidogo zaidi.

Taa za LED zimelitatua tatizo hili kwa sehemu kubwa. Taa nne za wati 18 kila moja ni wati 72, yaani ampea 6, na mwanga wake unatosha kabisa kwa kuchavanga. Anayenunua na apime kwa mita kabla ya kulipa, kwa sababu maboksi ya taa hizi mara nyingi huandikwa wati nyingi kuliko zile taa inazokula.

Kuhusu fyuzi, nadhani kosa letu kubwa ni kuamini kwamba kazi yake ni kulinda taa. Fyuzi hulinda waya. Kwa hiyo mahali pake ni karibu na betri, umbali wa kiganja kimoja ikiwezekana, kwa sababu kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na betri ndogo ya trekta ikishikanishwa hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Ukubwa wake nao hufuata waya: kwa taa zangu za sasa nimetumia waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 10, na fyuzi hiyo ikikatika sitaweka ya 30 wala kuizungushia karatasi ya sigara, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu kwenye matrekta ya watu ninaowaheshimu.

Swichi nayo isibebeshwe umeme wa taa zote. Kuna kifaa kidogo kiitwacho rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo unaopita kwenye koili yake, kinachopatikana duka lolote la spea za magari, ambacho miguu yake imeandikwa namba: 30 hupokea umeme wa betri kupitia kwenye fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni za koili. Mguu mmoja wa koili ukishushwa kwenye bodi, na wa pili ukaunganishwa kupitia swichi na waya ambao hupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, basi swichi itapitisha umeme mdogo sana, na mtu akichomoa ufunguo kila kitu kinazimika. Chaja ya simu niliyokuwa nimeifunga betrini moja kwa moja, na ambayo ilikuwa ikinyonya kidogo kidogo trekta likiwa limeegeshwa majuma mawili, nayo nimeihamishia huko.

Suala la waya lingestahili barua yake. Waya wa nyumba, wenye shaba moja ngumu ndani, haufai kwenye trekta hata ukiwa mnene, kwa sababu mtikisiko huuchosha hadi ukakatikia ndani ya ganda, na fundi atautafuta mchana kutwa. Kinachotakiwa ni waya wa magari, wenye nyuzi nyingi laini. Unene una hesabu yake pia: zile taa zangu nne za halojeni zikilishwa kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, mita tano kwenda na tano kurudi, volti mbili hivi hupotea njiani na kugeuka joto. Wengi hukimbilia kununua taa kubwa zaidi wakati mwanga wao unaishia kwenye waya.

Halafu kuna waya wa kurudishia umeme, ambao mafundi huuita ethi. Tunapenda kuubana kwenye bolti yoyote iliyo karibu, juu ya rangi na tope. Kwenye trekta linaloshinda majini, bolti hiyo itashika kutu kabla ya mavuno. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, ibanwe kwa nati, kisha ipakwe grisi. Na kwa taa za nyuma mimi nimevuta waya mweusi hadi kwenye hasi ya betri nikaachana na bahati nasibu. Kila tundu la bati linalopitisha waya liwekewe pete ya mpira. Pete hiyo ni ya bei ndogo kuliko soda, na ndiyo iliyokosekana kwangu.

Naomba pia niwaonye ndugu zangu wanaotoboa au kuchomelea vishikio vya taa kwenye ile fremu iliyo nyuma ya kiti. Fremu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya taa. Iko pale imkinge dereva trekta likipinduka, na kila tundu au mchomeleo huidhoofisha. Kishikio cha kubana kwa bolti mbili kinatosha. Na popote kwenye trekta penye kuchomelewa, betri na altaneta zitolewe nyaya zake kwanza, kwa kuwa umeme wa mashine ya kuchomelea huziua diodi za altaneta, zinazogeuza umeme wake uweze kuchaji betri, na mwenye trekta hagundui mpaka betri ilale.

Kwa wenzangu tunaobeba magunia kwa tela baada ya giza kuingia, taa za nyuma za tela ni sehemu ya jambo hilihili. Soketi ya miguu saba ina mpangilio wa rangi unaojulikana kimataifa: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki, nyeupe ni ethi, kahawia na nyeusi ni taa ndogo za nyuma. Fundi akiufuata, tela lolote litakubaliana na trekta lolote. Taa nyeupe za kazi zinazotazama nyuma zizimwe mara tu trekta linapopanda barabarani, kwa sababu dereva wa lori anayekuja nyuma ataona gari linalomjia na wala si tela lililo mbele yake. Mimi nimezipa swichi yake peke yake, mbali na za mbele.

Ombi langu kwa wanaouza matrekta haya ni dogo. Kila trekta linapokabidhiwa, mnunuzi apewe karatasi yenye kiwango cha altaneta au dainamo kwa ampea, na mchoro wa nyaya ulioandikwa kwa Kiswahili, kwani maandishi ya Kijapani yaliyobandikwa chini ya boneti hatuwezi kuyasoma, sisi wala mafundi wetu. Na mafundi nao, wakimaliza kuongeza kitu, wachore walichokifanya na kumwachia mwenye trekta. Mchoro wa trekta langu uko nyuma ya risiti ya mbolea, ndani ya mfuko wa nailoni kwenye boksi la zana. Fundi aliyekuja mwezi uliopita kutafuta kwa nini pampu ya dawa haiwaki aliutazama kwa dakika mbili, akaenda moja kwa moja kwenye fyuzi ya tatu kutoka kushoto, akaikuta imekatika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya.